Maswali Yenu: Kifaa cha Kugundua Metali Iliyojificha Ukutani

Barua nyingi za toleo hili zinahusu jambo moja: kifaa cha mkononi kitakachomwambia fundi, kabla hajatoboa, kama mbele ya drili yake kuna msumari, nondo au bomba. Tuafikiane kwanza kuhusu neno moja. Mtaani vitu vingi vya aina hii huitwa chuma tu. Hapa, chuma ni chuma chenyewe na feleji. Tukisema metali tunajumlisha pia shaba, alumini na jamaa zao. Tofauti hiyo itakuwa na maana huko mbele.

Swali: Nimetengeneza kigunduzi kwa chipu ya 555 na koili ya mizunguko 100. Nikikisogeza kwenye sufuria kinabadilisha sauti, lakini ukutani hakioni kitu. Nikaongeza mizunguko hadi 200, bado hakuna tofauti. Ninakosea wapi?

Jibu: Umeongeza kitu ambacho hakisaidii, na wengi huanza hivyo hivyo. Koili ikipitishiwa umeme unaobadilika-badilika hutoa uga wa sumaku unaobadilika nao. Metali ikiingia ndani ya uga huo, mikondo midogo huzunguka ndani yake na kuupinga uga ulioizaa. Koili hujiona imepungua indaktansi (uwezo wake wa kupinga badiliko la umeme), na masafa ya saketi, yaani idadi ya midundo yake kwa sekunde, hupanda. Chuma kina jambo la ziada: chenyewe hushika usumaku na kuongeza indaktansi, hivyo masafa huweza kushuka. Kwa vyovyote vile masafa husogea, na kazi ya kifaa ni kuliona sogeo hilo.

Ukizidisha mizunguko mara mbili, indaktansi huongezeka mara nne, na athari ya msumari kwa koili nayo huongezeka mara nne. Asilimia ya badiliko inabaki ile ile. Ulichopata kwa mizunguko 200 ni masafa ya chini zaidi tu. Isitoshe, katika saketi nyingi za 555 mdundo hutawaliwa zaidi na rezista na kapasita, na koili imepachikwa kando, kwa hiyo metali haina nguvu ya kuusogeza. Tumia oskileta (saketi inayodunda yenyewe) ambayo koili yenyewe ndiyo inayoamua masafa.

Kinachoamua kina ni kipenyo cha koili. Chukua koili ya kipenyo cha mm 70, yaani nusu kipenyo mm 35. Msumari ulio katikati, usawa wa koili, tuuhesabu kuwa unatoa athari ya 1. Ukiwa umbali wa mm 35, athari ni 1/8. Ukiwa mm 70, ni 1/125. Ukiwa mm 105, ni 1/1000. Ndiyo maana kifaa kinachopiga kelele mezani hunyamaza ukutani. Usikimbilie koili kubwa pia: ukizidisha kipenyo mara mbili, msumari ulio juu juu hutoa asilimia ya badiliko ndogo mara nane. Kwa kitu kidogo, hesabu hutoa kanuni nyepesi kukumbuka: nusu kipenyo cha koili kilingane na kina unachokitafuta. Koili ya mm 70 inafaa kwa plasta na sentimita mbili tatu za kwanza za zege. Nondo ndefu na mabomba huonekana mbali zaidi ya msumari, kwa sababu uga wote wa koili unakuta metali.

Kutoka hapo vita si ya kuongeza nguvu, bali ya kutuliza kifaa. Ikiwa msumari unasogeza masafa kwa sehemu chache katika laki moja na joto la kiganja chako linayasogeza zaidi ya hapo, hutauona msumari hata ukitumia betri ya gari.

Swali: Naomba mpango kamili wa kifaa kimoja kinachofanya kazi, pamoja na vipimo.

Jibu: Anza na koili, kwani ndiyo inayoamua hatima ya kazi yote. Chukua waya wa shaba wenye vanishi wa mm 0.3, mita 14. Tafuta kitu cha mviringo chenye kipenyo cha mm 70, kama kipande cha bomba la plastiki, ukizungushie karatasi ili koili iweze kuteleza na kutoka. Kabla ya kuzungusha, laza vipande vinane vya uzi juu ya karatasi, vimepangwa kuzunguka. Zungusha mara 60 ukiubana waya kwa vidole, kisha funga kila uzi juu ya fungu la waya. Vuta koili nje, izungushie uzi mwembamba kwa mkazo mwanzo hadi mwisho, halafu ilowanishe kwa vanishi au epoksi na uiache siku nzima. Ukiigonga kwa kucha inapaswa kutoa mlio mkavu, kama wa kijiti. Ikiwa bado unahisi nyaya zinasogea chini ya kidole, rudia kuilowanisha, kwa sababu mzunguko mmoja unaotikisika hutoa badiliko kubwa kuliko msumari unaoutafuta.

Kwangua vanishi kwenye ncha mbili hadi shaba nyekundu ionekane pande zote, kisha zipake solda. Multimita isome kama omu 3.3 baada ya kutoa ukinzani wa waya zake zenyewe. Isiposoma kitu, vanishi haijatoka. Indaktansi itakuwa karibu mikrohenri 500.

Oskileta tunaijenga kwa chipu ya CD4069UB, yenye mageti sita ya kugeuza ishara. Herufi U hapo ni muhimu: ina maana kwamba kila geti ni hatua moja tu, na kwa kazi hii hutulia kuliko zenye hatua kadhaa. Kutoka mguu wa 2 weka rezista ya kiloomu 2.2. Mwisho wa rezista uunge kwenye ncha moja ya koili, pamoja na kapasita ya nF 10 (nanofaradi 10) inayokwenda kwenye hasi. Ncha ya pili ya koili iende mguu wa 1, nayo iwe na kapasita ya nF 10 kwenda hasi. Kapasita hizo mbili kwa koili ni kama nF 5, na masafa yatakuwa karibu kilohezi 100. Unga mguu wa 2 na wa 3. Ishara safi utaichukua mguu wa 4. Miguu ya 5, 9, 11 na 13 iunge hasi. Ukiiacha ikielea, chipu hupata joto na oskileta hutapatapa bila sababu inayoonekana. Ikiwa haidundi kabisa, punguza rezista hadi kiloomu 1.

Usinunue kapasita hizo mbili kwa kuangalia namba tu. Zile ndogo za seramiki zenye alama ya X7R au Y5V hubadilika sana kwa joto. Tafuta C0G (huitwa pia NP0) au polipropilini. Hapa ndipo vifaa vingi vya nyumbani hufia.

Sasa kupima. Njia ya kwanza inayomjia kila mtu ni kuhesabu midundo kwa muda maalumu. Kwa kilohezi 100, ndani ya milisekunde 82 utapata midundo kama 8,200, na kosa la mdundo mmoja ni zaidi ya sehemu 12 katika laki moja. Hiyo ni pana mno. Geuza hesabu: pima muda ambao idadi maalumu ya midundo inachukua. Pitisha ishara kwenye CD4040B, chipu ya kugawanya midundo: iingie mguu wa 10, mguu wa 11 uende hasi (ukisahaulika, kigawanyi hakihesabu au kinahesabu kinapotaka), na utoe mguu wa 14, ambako masafa yamegawanywa kwa 1,024. Hiyo ipeleke mguu wa 8 wa Arduino Uno (ubao mdogo wa kompyuta unaopangiwa programu), ambao unaweza kunasa wakati kwa saa ya ndani ya megahezi 16. Kila kipimo ni tiki (midundo ya saa hiyo) kama 163,840. Jumlisha vinane na utakuwa na zaidi ya milioni moja na laki tatu ndani ya milisekunde zile zile 82, na tiki moja ni chini ya sehemu moja katika milioni.

Kihesabio cha tiki ndani ya Arduino ni cha biti 16, kwa hiyo kinajaa na kuanza upya kila tiki 65,536. Usihangaike nacho. Unachotaka ni tofauti kati ya kipimo na msingi (kipimo cha wakati hakuna metali), si kipimo chenyewe. Toa kimoja kwa kingine kama namba ya biti 16 yenye alama, kisha jumlisha tofauti nane.

Umeme wa oskileta na kigawanyi utoke kwenye 78L05 (kidhibiti cha volti 5) ya peke yake, si kwenye volti 5 za ubao wa Arduino, maana kila buza ikilia volti zile hutikisika. Weka kapasita ya nF 100 karibu na kila chipu. Betri sita za AA zinatosha na hudumu kuliko betri moja ndogo ya volti 9. Zikishuka chini ya volti 7 hivi, 78L05 haishiki tena volti 5 na vipimo huanza kuteleza upande mmoja. Betri zina maganda ya chuma, hivyo zikae sentimita 15 au zaidi kutoka koili, na zibanwe zisitikisike. Waya wa kutoka koili hadi ubao uwe mfupi, usizidi sentimita 15, usokotwe na ugundishwe.

Mwisho, kiwango cha kulia. Weka kifaa juu ya meza ya mbao isiyo na misumari, tazama namba kwa dakika moja, uone zinacheza kiasi gani. Mara tatu ya mchezo huo ndiyo mpaka wa kulia. Usiupange kwa kukisia.

Swali: Changu kinalia nikigusa ukuta kwa mkono, na kwenye ukuta wenye unyevu kinalia kila mahali. Tena baada ya dakika kumi kinalia hata hewani.

Jibu: Hayo ni matatizo mawili. La kwanza ni kwamba koili yako inaona ukuta kama sahani ya kapasita. Maji ndani ya plasta, na mkono wako pia, huongeza kapasitansi kidogo na masafa hushuka. Dawa ni kuivisha koili ngao. Izungushie utepe wa karatasi ya alumini kuzunguka duara lote, lakini uache pengo la sentimita moja ambapo mwanzo na mwisho wa alumini havigusani. Pengo hilo si urembo: alumini ikifunga duara inakuwa mzunguko mmoja uliofungwa kwa shoti, na koili haitaona kingine chochote. Alumini haishiki solda ya kawaida, kwa hiyo laza waya mtupu wa shaba uliopakwa solda juu yake, uubane kwa utepe wa plastiki, na ncha yake iende hasi ya saketi. Ukiivisha koili ngao masafa yatasogea kidogo, na hilo ni kawaida.

La pili ni joto. Shaba hupanuka, kapasita hubadilika, chipu inapata moto polepole. Kifaa kipewe dakika tano baada ya kuwashwa. Koili ifunikwe kwa kasha la plastiki ili upepo na kiganja visiifikie, na mpini uwe mbali nayo. Kisha programu ifuate mteremko huo wa polepole wa vipimo: kila baada ya kipimo, msingi usogezwe kuelekea kipimo kwa sehemu moja ya 256. Kwa vipimo kama 12 kila sekunde, msingi hufuata kwa sekunde 20 hivi, mwendo unaotosha kwa joto lakini si kwa mkono unaopita juu ya msumari. Ubaya wake ni kwamba ukisimamisha kifaa juu ya nondo, baada ya nusu dakika kitaizoea na kunyamaza. Kwa hiyo zuia msingi usisogee wakati kifaa kinalia, na uweke kitufe cha kurudisha sifuri.

Swali: Kuna ukuta mmoja ambao kifaa kinalia kuanzia kona hadi kona. Kimeharibika?

Jibu: Kijaribu hewani na kwenye ukuta mwingine kwanza. Kikiwa sawa huko, amini kinachokwambia. Huenda plasta imeshikwa na wavu wa chuma, au bodi za jasi zina karatasi ya alumini nyuma, au nondo zimekaribiana kuliko kipenyo cha koili. Kwa wavu na alumini hakuna la kufanya kwa kifaa cha aina hii. Kwa nondo, koili ya mm 40 inaweza kuzitenganisha, ingawa kina kitapungua.

Jambo hili lilimpata mtu mkubwa. Mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi, Alexander Graham Bell alileta kifaa cha koili ili kuitafuta risasi mwilini. Kilitoa ishara zisizoeleweka, na sababu moja iliyotajwa ni kwamba mgonjwa alikuwa amelala juu ya godoro lenye springi za chuma. Kabla ya kulaumu saketi, uliza nyuma ya ukuta kuna nini. Upande wa pili panaweza kuwa na jokofu.

Swali: Kinaweza kunitofautishia bomba la shaba na nondo?

Jibu: Kwa kiasi. Shaba na alumini hupandisha masafa, yaani muda unaoupima hupungua. Msumari au waya mwembamba wa chuma kwa kawaida huyashusha. Lakini kwa kilohezi 100, bapa la chuma, kama kifuniko cha kopo, linaweza kuyapandisha kama alumini, kwa sababu mikondo ya juu ya uso wake inauzidi usumaku wake.

Ukitaka utofautishaji wa kuaminika zaidi, shuka hadi kilohezi 15. Usifanye hivyo kwa kuongeza kapasita peke yake, maana koili ya mikrohenri 500 itakuwa na ukinzani mkubwa ukilinganisha na kazi yake na oskileta itadhoofika. Hapa ndipo mizunguko inapofaa: zungusha mara 180 kwa waya wa unene ule ule, upate karibu milihenri 4.5, na kapasita mbili ziwe za nF 47. Kwenye CD4040B chukua mguu wa 4, unaogawanya kwa 128. Programu haibadiliki. Hata hivyo, kitu cha chuma kilicho karibu na shaba kitakudanganya, na bomba la plastiki halitaonekana kamwe.

Swali: Ninachohofia zaidi ni nyaya za umeme. Kitaziona?

Jibu: Usikitegemee kwa hilo. Waya wa nyumbani ni mwembamba, na mikondo haina nafasi ya kuzunguka ndani yake. Hata ukiwa sentimita mbili tu ndani unaweza kupita bila mlio. Unaweza kuongeza kihisi cha uga wa umeme: transista tatu za BC547 zilizounganishwa mfululizo, emita ya moja ikilisha besi ya inayofuata, waya wa sentimita 8 kwenye besi ya kwanza, na taa ya LED yenye rezista ya omu 470 kwenye kolekta ya mwisho. Taa huwaka karibu na waya wenye volti. Lakini waya uliozimwa hauonekani, ulio ndani ya bomba la metali hauonekani, na ukuta wenye unyevu huisambaza ishara hadi taa iwake kila mahali. Kimya cha kifaa si ruhusa ya kutoboa. Zima swichi kuu, hakikisha kwa kipimo kwenye soketi iliyo karibu, na uepuke mistari ya wima na ya mlalo inayotoka kwenye soketi na swichi, kwani ndiko nyaya hupitishwa mara nyingi.

Swali: Je, kuna njia isiyotumia saketi yoyote?

Jibu: Kwa bodi za jasi ipo, na ni nzuri. Funga sumaku ndogo ya neodimia kwenye uzi wa sentimita 20, uishike ikining'inia sambamba na ukuta, na uitembeze polepole. Ikifika kwenye kichwa cha skrubu itavutwa na kugusa ukuta. Ukipata skrubu tatu kwenye mstari mmoja wa wima, umepata nguzo. Haitaona shaba wala alumini, na msumari ulio ndani ya plasta nene hauitikisi.

Swali: Kifaa kinalia juu ya eneo la sentimita 10. Nitajuaje nondo yenyewe ipo wapi?

Jibu: Usitafute mahali kinapolia zaidi; sehemu ya juu ya ishara ni butu na jicho hukosea. Tembeza kutoka kushoto, weka alama ya penseli pale kinapoanza kulia. Rudi mbali kulia, bonyeza sifuri, tembeza kuelekea kushoto kwa mwendo ule ule, weka alama nyingine. Nondo iko katikati ya alama mbili. Rudia sentimita 20 juu na sentimita 20 chini. Alama za katikati zikipangana, ni nondo au bomba. Zikiwepo mahali pamoja tu, ni msumari au kipande kilichoachwa. Hakikisha koili imelala bapa ukutani nyakati zote: kipande cha plastiki laini cha mm 2 kilichogundishwa chini yake huifanya iteleze bila kuinuka, na kuinuka kwa mm 5 tu juu ya nondo kunaweza kuzisogeza alama zako.